Tuzo za michezo ya video: nani anashika mizani?

Aprili 23, 2024 uliingia sokoni mchezo wa video uitwao Tales of Kenzera: ZAU. Uliandaliwa na studio ya Surgent ya Uingereza, chini ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Hadithi yake imechotwa katika simulizi za Wabantu, na anayeucheza anaweza kuchagua kuwasikia wahusika wakizungumza Kiswahili.

Desemba mwaka huohuo mchezo huo uliwania tuzo mjini Los Angeles, katika hafla ya The Game Awards, kwenye kundi la michezo yenye ujumbe kwa jamii. Ulishindwa na Neva, kazi ya studio ya Nomada ya Barcelona. Aprili 2025, mjini London, taasisi ya BAFTA iliupa ushindi katika kundi linalokaribiana sana na lile la Los Angeles.

Kati ya Desemba na Aprili mchezo ulibaki uleule. Waliokuwa tofauti ni wapiga kura, na kanuni walizozifuata. Kwa mfanyabiashara anayeagiza diski, pedi na mashine za kuchezea kutoka Dubai, Kariakoo au Nairobi na kuzivusha mpaka, suala hilo linagusa mfuko. Jalada lenye maneno "mchezo bora wa mwaka" huuzwa kwa bei ya juu, na mzigo uliosifiwa vibaya hukaa dukani hadi bei yake inaporomoka. Ni vyema kujua sifa hiyo imetoka kwa nani.

Kura inaanzia kwa waandishi

The Game Awards ndiyo hafla inayotazamwa zaidi. Ilianzishwa mwaka 2014 na Geoff Keighley, mtangazaji raia wa Canada, baada ya kufa kwa tuzo za televisheni ya Spike zilizokuwa zikitolewa tangu 2003. Waandaaji walisema hafla ya 2024 ilitazamwa mtandaoni mara milioni 154.

Uteuzi hufanywa na jopo la vyombo vya habari na watengeneza maudhui zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali, ingawa vingi viko Marekani na Ulaya. Kila chombo hupewa karatasi moja ya kura, bila kujali kama kina waandishi wawili au hamsini. Wahariri hujadiliana, kisha hutaja michezo wanayoiona bora katika kila kundi, pasipo kuipanga kwa nafasi. Karatasi zote hujumlishwa, na michezo iliyotajwa mara nyingi zaidi ndiyo inayoteuliwa. Baadaye jopo hupiga kura ya pili kumpata mshindi.

Utaratibu huo una athari moja ambayo mara nyingi haionekani. Mchezo unaopendwa kiasi na watu wengi huteuliwa kwa urahisi kuliko mchezo unaopendwa mno na wachache. Tena, majaji wanaweza kutaja tu walichokicheza. Katika mwaka wenye mamia ya michezo mipya, studio ndogo isiyo na fedha za kujitangaza huweza kukosa kura kwa sababu tu kazi yake haikufunguliwa.

Kuna pia bodi ya ushauri yenye wawakilishi wa kampuni kubwa, zikiwamo Sony, Microsoft na Nintendo. Waandaaji wanasema bodi hiyo haiteui wala haipigi kura. Hata hivyo, kuketi kwa wenye bidhaa karibu na meza ya mizani kumezua maswali tangu mwanzo.

Tisa kwa moja

Umma nao hupiga kura mtandaoni, lakini uzito wake ni asilimia 10. Asilimia 90 hubaki kwa jopo. Hesabu ya mfano inaonyesha maana yake. Tuseme mchezo wa kwanza umepata asilimia 40 ya kura za jopo na 20 za umma, huku wa pili ukipata asilimia 30 za jopo na 60 za umma. Kwa mizani hiyo wa kwanza unakusanya alama 38 na wa pili 33. Umma umeupa mchezo wa pili kura mara tatu zaidi, na bado umeshindwa.

Hali kama hiyo ilijitokeza mwaka 2024. Mshindi wa tuzo kuu alikuwa Astro Bot, mchezo wa Sony. Tuzo inayoamuliwa na umma peke yake ilikwenda kwa Black Myth: Wukong, mchezo wa China. Golden Joystick, tuzo za Uingereza zilizoanza 1983 na zinazotegemea kura za wachezaji, nazo ziliupa Wukong ushindi mkuu mwaka huo. Miaka minne kabla, jopo lilichagua The Last of Us Part II, na umma ukachagua Ghost of Tsushima.

Waandaaji hutetea uwiano huo kwa hoja ya hila. Mwaka 2022, kura ya umma ilipobaki kati ya Genshin Impact na Sonic Frontiers, mashabiki wa pande zote mbili walituhumiana kutumia programu za kupiga kura bandia. Katika tuzo za duka la mtandaoni la Steam za mwaka 2023, ambako wateja ndio huamua, mchezo Starfield ulipewa tuzo ya ubunifu wa uchezaji wakati ambapo sehemu kubwa ya wachezaji walikuwa wakiulalamikia kwa kukosa jambo jipya. Wengi waliiona kura hiyo kuwa mzaha.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini ina upungufu. Hesabu za kura za jopo hazitangazwi. Haijulikani mshindi ameshinda kwa kura moja au kwa hamsini. Mnunuzi anaombwa aamini mizani ambayo mshale wake hauoni.

Kalenda na majina ya makundi

Tarehe nayo huamua mengi. Hafla hufanyika Desemba, na michezo inayostahili ni ile iliyotoka kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa Novemba. Super Smash Bros. Ultimate ulitoka Desemba 7, 2018, ukalazimika kusubiri uteuzi wa mwaka 2019. Kwa mwenye duka, hilo lina maana kwamba mchezo unaowaniwa leo unaweza kuwa ulishauzwa mwaka mzima.

Majina ya makundi ni chanzo kingine cha mzozo. Mwaka 2023 Dave the Diver uliteuliwa katika kundi la michezo ya studio huru, ingawa ulitengenezwa na Mintrocket, kitengo cha Nexon, kampuni kubwa ya Korea Kusini. Keighley alieleza kwamba jopo ndilo huamua nani ni huru. Mwaka uliofuata ubishi ulihamia kwenye nyongeza: Shadow of the Erdtree, ambayo haichezeki bila kuwa na Elden Ring ya 2022, iliteuliwa kuwania mchezo bora wa mwaka, baada ya waandaaji kufafanua kuwa nyongeza na matoleo yaliyotengenezwa upya yanaruhusiwa.

Mwaka 2025 ulitoa mfano mkali zaidi. Clair Obscur: Expedition 33, kazi ya studio Sandfall ya Ufaransa, ulizoa tuzo 9 za The Game Awards, ikiwamo kuu. Siku chache baadaye, tuzo nyingine ndogo zaidi, Indie Game Awards, ziliunyang'anya ushindi ziliokuwa zimeupa, kwa sababu kanuni zao zinakataza kazi iliyotumia akili mnemba katika utengenezaji. Ushindi ulihamishiwa kwa Blue Prince. Kitu ambacho kwa mizani moja hakikuwa na uzito wowote, kwa nyingine kilitosha kumwondoa mshindi.

Jukwaa lina bei

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii hata kizuri hujitembeza, na kwa gharama. Hafla huchanganya kutoa tuzo na kuonyesha matangazo ya michezo ijayo. Mwaka 2024 jarida la Esquire liliripoti kwamba katika tamasha jingine la Keighley, Summer Game Fest, dakika moja ya tangazo iliuzwa kwa dola 250,000 za Marekani.

Hakuna ushahidi kwamba tuzo zenyewe huuzwa. Lakini muda wa jukwaani unaonyesha kipaumbele. Mwaka 2023 washindi walipewa takriban nusu dakika ya kushukuru kabla ya kuonyeshwa maandishi ya kuwataka wamalize, huku baadhi ya tuzo zikisomwa kwa haraka bila mshindi kupanda. Malalamiko yalikuwa makali, na mwaka uliofuata waandaaji walilegeza muda.

Mizani nyingine

Zipo tuzo ambazo waandishi hawana kura. Za DICE, zinazotolewa na chuo cha sanaa shirikishi cha Marekani, huamuliwa na watu wa sekta yenyewe: wachoraji, waandika programu, wabunifu. BAFTA hutegemea wanachama wake na majopo ya wataalamu. Mwaka wa michezo wa 2019 unaonyesha tofauti hizo waziwazi. The Game Awards zilichagua Sekiro, DICE wakachagua Untitled Goose Game, na BAFTA wakachagua Outer Wilds. Golden Joystick tayari walikuwa wamechagua Resident Evil 2. Nyumba nne, washindi wanne, mwaka mmoja.

Mwaka 2023 BAFTA waliupa tuzo kuu Vampire Survivors, mchezo uliouzwa kwa takriban dola 5 na ulioanzishwa na mtu mmoja, wakauacha Elden Ring ambao The Game Awards zilikuwa zimeutawaza. Wenye ufundi waliona thamani mahali ambapo bajeti ilikuwa ndogo.

Kwa mwenye duka

Swali linabaki: tuzo hizi zinamwambia nini mfanyabiashara wa Namanga, Rusumo au Mutukula?

Kwanza, ushindi si kipimo cha mauzo. Astro Bot ulikuwa umeuza nakala milioni 1.5 kufikia mwanzoni mwa Novemba 2024. Wukong ulivuka milioni 10 ndani ya siku tatu za Agosti mwaka huohuo. Elden Ring nao ulikuwa umepita milioni 16 kufikia Juni 2022, miezi sita kabla ya kutawazwa. Anayesubiri hafla ya Desemba ndipo aagize, huenda anaagiza baada ya soko kushiba.

Pili, mchezo unaojaza vibanda vya Afrika Mashariki hauonekani kwenye orodha kuu. Michezo ya mpira wa miguu ya EA haijawahi kuteuliwa kuwania mchezo bora wa mwaka wa The Game Awards. EA Sports FC 25 ulishinda mwaka 2024, lakini katika kundi la michezo na mbio za magari. Vijana wanaolipia mechi moja moja kibandani hawana karatasi ya kura kwenye jopo lile, na ladha yao haipimwi nalo.

Tatu, mashine huja kabla ya mchezo. Astro Bot huchezwa kwenye PlayStation 5 pekee, ilhali vibanda vingi bado vina mashine za vizazi vya nyuma. Sehemu ya washindi wadogo hupatikana zaidi kwa kupakua kuliko kwa diski. Kadi za malipo ya kupakulia nazo hufungwa na nchi ya akaunti: kadi iliyonunuliwa kwa soko moja inaweza kumrudisha mteja dukani akiwa na hasira.

Nne, maneno "mchezo bora wa mwaka" kwenye jalada hayamilikiwi na chombo kimoja. Kampuni inaweza kuyachapa kwa kuegemea tuzo yoyote iliyopata, kubwa au ndogo. Anayenunua shehena ana haki ya kuuliza: bora wa mwaka upi, na kwa kura ya nani?

Hayo hayaondoi thamani ya tuzo. Zimewahi kuwafikisha watengenezaji wadogo kwa mamilioni ya watu ambao wasingewasikia kamwe, na Tales of Kenzera ni ushahidi kwamba kazi yenye sauti ya Kiswahili inaweza kusimama London na kushinda. Lakini historia ya mchezo huohuo ina upande mwingine. Julai 2024, miezi mitatu baada ya kuuingiza sokoni, studio ya Surgent ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Uteuzi wa Los Angeles na ushindi wa London vilipofika, baadhi ya waliofanya kazi hiyo walikuwa wameshaondoka. Wanunuzi ndio walikuwa wamepiga kura ya kwanza, mapema, madukani.