Ghala la Maombi kwa Sisi Tusio na Chumba

 

Tangu tuongee kwenye podikasti kuhusu kukaa kimya na Mungu, swali moja linarudi kwenye meseji zenu. Kila mtu analiuliza kivyake, ila ni lile lile: "Mnasema tukae kimya. Tukae wapi?" Mmoja wa Buffalo anasema kwao wako tisa kwenye vyumba vitatu. Wa Louisville analala sebuleni, kwa hiyo siku yake inaanza pale baba anaporudi kutoka kazini na kuwasha televisheni.

Nawaelewa kabisa. Hapa Whitehall wengi wetu tunakaa kwenye apatimenti karibu na Hamilton Road. Juu, mtoto wa jirani anakimbia kama ana mechi. Nje, ndege za John Glenn zinapita. Ndani, shangazi yuko kwenye simu ya video na Uvira, na anaongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya ziwa. Hata bafuni unagongewa mlango.

Halafu kuna kanisa lenyewe. Ijumaa mkesha. Jumamosi mazoezi ya kwaya. Jumapili ibada, na sisi wa vyombo na projekta tunafika kwanza, tunatoka mwisho. Katikati ya hapo kuna shule, shifti, na barua za ofisi ambazo lazima umtafsirie mama. Yaani mtu anaweza kukaa kanisani saa kumi na mbili kwa wiki, na asipate dakika kumi za kukaa na Yule anayemwimbia. Nayasema haya kwa upendo. Mimi niko kwenye kwaya, na mkesha ndio ulionilea. Lakini vijana wenzetu wengine wameacha kuja, na ukiwauliza vizuri hawasemi wamemkataa Mungu. Wanasema wamechoka.

Ndiyo maana swali la "tukae wapi" si dogo.

Kuna kitu kingine kinachotuzuia, nacho ni aibu. Wazee wetu wanaomba kwa sauti, wanatembea, wanapiga makofi. Ukikaa kimya kwenye kochi na Biblia mapajani, mtu anakuja kukuangalia. Mama yangu alisimama mlangoni siku moja akaniuliza, "Sasa weye, unaomba ao unalala?" Na sisi wenyewe tunawaza moyoni: labda haya ni mambo ya Wazungu, yale ya picha za kikombe cha kahawa, daftari jipya na dirisha lenye mwanga mzuri.

Basi nirudi nyumbani kidogo, Afrika Mashariki. Mwezi wa Septemba 1929, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akitokea Gahini, Rwanda, alikokuwa anafanya kazi hospitalini. Alikuwa amechoka mwili na roho, maana Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kubwa mwaka 1928 na 1929. Pale mlimani Namirembe alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Hawakuitisha mkutano wa injili. Walikaa wawili, siku mbili, wakasoma Biblia na kuomba. Kutoka kwenye urafiki ule, miaka ya 1930, uamsho ulitoka Gahini ukaenda Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Zile nyimbo na zile shuhuda ambazo bibi zetu wanazijua kwa moyo zina mizizi yake huko. Kwa hiyo mtu akikwambia kimya ni cha Wazungu, mwambie habari ya Nsibambi. Watu waliokuja kujulikana kwa kuimba walianza kwa kukaa chini.

Sasa, wa Louisville mna bahati, hata kama hamjui. Kama maili 50 kusini mwenu, karibu na Bardstown, kuna Gethsemani, nyumba ya wamonaki Watrapisti iliyoanzishwa mwaka 1848. Wanaongea kidogo sana. Wanaanza sala ya kwanza saa tisa na robo usiku. Ndiko alikoingia mwandishi Thomas Merton, Desemba 1941. Na wa Buffalo, msilie: mwaka 1951 Gethsemani ilituma wamonaki kuanzisha nyumba nyingine huko Piffard, kwenye jimbo lenu, inaitwa Genesee. Wanaoka mikate kujipatia riziki. Si lazima uwe Mkatoliki ili uende kukaa kwenye kanisa lao na kunyamaza.

Hata kwetu Kongo walikuwepo wa shirika hilo hilo. Mokoto, Kivu ya Kaskazini, ilianzishwa mwaka 1954. Lakini Mei 1996 vita vilifika mpaka mlangoni. Watu waliokuwa wamekimbilia pale kujificha walishambuliwa, wengi waliuawa, na wamonaki wakalazimika kuondoka. Kila nikifikiria Mokoto nakumbuka kwamba mahali pa kimya panaweza kuchukuliwa siku moja. Wazazi wetu wanalijua hilo kuliko sisi. Walipoteza nyumba, kanisa, na shamba walilokuwa wanatembea jioni. Kama pumziko la Mungu lingekuwa linategemea jengo, wangefika Marekani bila kitu.

Sasa fungua nami Mathayo 6:6. Yesu anasema ukitaka kuomba, ingia chumbani mwako, funga mlango, umwombe Baba aliye sirini. Mstari huu unaweza kukuumiza kama huna chumba. Lakini neno la Kigiriki lililotumika hapo ni tameion, na maana yake ya kwanza ni ghala, stoo, mahali pa kuweka akiba. Ni neno lile lile la Luka 12:24, pale Yesu anaposema kunguru hawana ghala na bado Mungu anawalisha. Wengi waliomsikiliza siku ile walikuwa maskini, familia nzima kwenye nyumba ndogo. Hakuwaambia watafute chumba cha kulala chenye funguo. Aliwaonyesha ile kona ya unga na mafuta, ambayo hakuna mtu anakaa.

Ghala! Wazazi wetu wanafanya kazi wapi? Si ndiyo hayo hayo maghala, "weahausi" kama tunavyosema, wanapanga maboksi usiku kucha? Niliposoma hivyo nilimuuliza mama anaomba saa ngapi, maana nyumbani namsikia akiomba na wengine tu. Akanijibu bila kufikiri: anafika kazini nusu saa mapema, anazima gari, anajifunika kitenge kichwani, anakaa. "Mu gari kuko mi na Mungu tu. Ku nyumba kila mutu ananiita." Miaka sita anafanya hivyo. Hajawahi kuipa jina, hana daftari. Na nimewaza: saa tisa na robo usiku, wamonaki wa Gethsemani wakianza sala, yeye anaanza breki yake.

Tangu siku ile nikipita kwenye paki za magari usiku nawaangalia wale waliokaa ndani, taa zimezimwa, shifti bado. Wengine wako kwenye simu, sawa. Lakini si wote.

Najua mtaniambia: hata kwenye gari mtu anapiga simu. Soma Marko 6. Mitume wametoka kazini, watu ni wengi mpaka hawapati nafasi ya kula. Yesu mwenyewe anawaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Wanapanda mashua. Wakifika, umati umeshawatangulia kwa miguu! Nampenda Yesu hapo. Hawafukuzi watu. Anawahurumia, anawafundisha, wanakula mpaka wanashiba. Lakini angalia mstari wa 46: jioni anawaaga, anapanda mlimani kuomba. Pumziko lilikatizwa, hakulifuta, alilirudia. Sisi tukikatizwa mara moja tunasema, basi, nitaanza mwaka mpya.

Na Elia, 1 Wafalme 19. Amechoka hadi anaomba afe. Malaika hamhubirii, hamuulizi mbona hakuja mkesha. Anampa mkate na maji, Elia analala tena, anaamshwa, anakula tena. Sauti ya utulivu inakuja baadaye, kule Horebu, baada ya upepo, tetemeko na moto. Kwa hiyo kama umetoka shifti ya masaa kumi na ukifunga macho unasinzia, lala. Mungu aliyemlaza Elia hatakasirika. Kesho utakuwa na masikio.

Neno moja kuhusu lugha, maana hili ni letu peke yetu. Wengi mmeniambia hamwombi kwa sauti kanisani kwa sababu Kiswahili chenu kinachekwa. Unasema "Mungu, asante kwa ile vitu," na jioni watoto wa kwaya wanakuiga. Ukiomba kwa Kiingereza, mzee anasema umepotea. Ndani ya ghala hakuna anayekusahihisha. Unaweza kuanza kwa Kiswahili cha mama, ukamalizia kwa Kiingereza, ukanyamaza pale maneno yanapoisha. Mimi kuna mambo nayasema kwa Kiswahili tu, hasa ya huzuni, kwa sababu ndivyo nilivyoyasikia kwanza. Na nimeona kitu: Kiswahili changu kimepona zaidi kwenye kimya kile kuliko kwenye madarasa yote ya Jumamosi. Mtu asipoogopa kuchekwa, ulimi unafunguka.

Basi, kwa wale wanaotaka kuanza, nasema nilichojaribu mwenyewe. Tafuta stoo yako: gari, ngazi za nyuma za jengo, kiti cha mwisho kwenye basi namba 10 la Broad Street, benchi pale Whitehall Community Park kando ya Big Walnut. Dakika kumi, si saa nzima. Simu weka mbali, au ikiwa Biblia yako iko ndani ya simu, zima intaneti kwanza. Soma mistari mitano ya Marko kwa Kiswahili, na usipoelewa neno, liandike umuulize mzazi jioni. Mtashangaa mazungumzo yatakayotoka hapo. Kisha nyamaza. Mawazo yatakuja: kodi, mtihani, yule mtu ambaye hajajibu meseji. Usipigane nayo. Mwambie Mungu jina la kila moja, liache, rudi. Siku nyingine hutasikia lolote. Siku hiyo nayo umeketi na Baba yako, na watoto hukaa na baba yao bila kuongea.

Na wazazi tuwaambie. Tusijifungie tu, wakadhani tumeikimbia imani yao. Waulizeni wanaombea wapi wakiwa peke yao, na kule kambini walikuwa wanaombea wapi. Nataka majibu hayo kwa kipindi kijacho. Mrekodi kwa sauti zao wakikubali, dakika moja tu, mnitumie kabla ya Alhamisi. Tutayasikiliza pamoja, Louisville, Buffalo na Whitehall.

Mkeshe salama Ijumaa. Na Jumamosi asubuhi, tafadhali, mlale.