Reli ya mtumba isipoenea nyumbani, usiogope msumeno

JE, ndugu msomaji, umewahi kununua kabati la mtumba kwa bei ya kutupa, ukalipandisha ngazi kwa jasho, kisha ukafika mlangoni na kukuta haliingii? Kabati si kazi. Utafungua skurubu, uingize mbao moja moja, na jioni utakuwa ukipanga nguo ndani yake.

Lakini utafanya nini ikiwa kitu chenyewe ni mji mzima? Mji wenye stesheni, daraja, kilima, maduka na miti, na garimoshi linalopita katikati yake, vyote vimegandishwa juu ya ubao mmoja mkubwa kuliko kitanda chako?

Leo tuzungumzie reli ndogo za mfano. Hizi si zile treni za betri ambazo mtoto huzivunja kabla Krismasi haijaisha. Ni magarimoshi yaliyoundwa kwa vipimo, yanayoendeshwa kwa umeme mdogo juu ya vyuma vya kweli, na wanaoyapenda ni watu wazima sawa na watoto.

Uraibu huu ni wa siku nyingi. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli zake za vipimo maalum katika maonyesho ya biashara mjini Leipzig mwaka wa 1891. Naye Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, alianza kuuza magarimoshi yake mwaka wa 1920.

Anayeipata reli ya aina hii hapa Nairobi, yamkini ameipata kwa mtu anayehama, anayestaafu au anayerudi kwao. Mwenyewe hupunguza bei kwa sababu hana tena nafasi ya kuiweka. Na hapo ndipo taabu huanza, maana wewe pia huna.

Neno langu la leo ni hili: reli hiyo ilijengwa ikifuata kuta za nyumba ya mtu mwingine. Ikija kwako, sharti ifuate kuta zako. Anayeogopa kuigusa ataishia kuisimamisha roshanini, ipigwe na mvua, na baada ya mwaka mmoja itakuwa kuni.

Pima kwanza, lipa baadaye

Chukulia kwamba ubao huo ni wa ukubwa wa plaiwudi nzima, yaani mita 2.4 kwa mita 1.2. Nanyi mnakaa katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, orofa ya tatu.

Usianze kwa kupima sebule. Anza na ngazi. Ubao huo ukiusimamisha kwa ubavu utapita mlangoni bila shida, lakini pale ngazi zinapopinda ndipo utakapokwama. Chukua ufito wa mita 2.4 uupitishe hapo ukiwa umelala. Ukigota ukuta, jibu umelipata kabla ya kutoa hata senti.

Kisha pima mkono. Mtu mzima akisimama kando ya meza hufikia kama sentimita 70 au 75. Ubao wa sentimita 120 ukiusukuma ukutani, karibu nusu mita ya upande wa pili haifikiki. Usiniulize kwa nini, lakini garimoshi likianguka, litaangukia huko huko.

Mwisho, mwambie muuzaji aiendeshe reli mbele yako. Ukiona garimoshi likisita mahali, weka alama ya chaki hapo. Piga picha juu ya ubao na chini yake. Mtumba hauna risiti wala kitabu cha maelezo, kwa hivyo mwenyewe ndiye kitabu. Muulize wakati bado yuko.

Wanafunzi, sogeeni karibu

Reli za mfano hufuata uwiano. Ule uitwao HO ni 1 kwa 87. Reli yetu ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017, ina upana wa milimita 1,435 kutoka chuma hadi chuma. Gawanya kwa 87. Utapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa njia ya HO.

Reli ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, ina upana wa mita moja. Ukigawanya kwa 87 unapata karibu milimita 11.5, nao wenye uraibu huu hutumia njia ya milimita 12. Kwa hivyo njia ya kawaida ya HO ni mfano wa SGR, si wa reli ile ya kikoloni.

Waingereza wana uwiano wao uitwao OO, 1 kwa 76, lakini huutembeza juu ya njia hiyo hiyo ya milimita 16.5. Maana yake, injini ya OO itapita juu ya njia ya HO bila neno, lakini abiria wa OO wataonekana majitu wakisimama kando ya nyumba za HO. Uwiano wa N ni mdogo zaidi, na njia yake ni ya milimita 9.

Basi enda na rula. Angalia pia aina ya umeme. Reli nyingi za vyuma viwili hutumia DC ya volti 12. Zile za Märklin za HO za zamani hutumia AC na hupokea umeme kupitia katikati ya njia. Usinunue injini za aina moja na njia za aina nyingine ukidhani zitapatana.

Lazima lizunguke?

Hapa ndipo nyumba hugawanyika. Watoto wanataka garimoshi lizunguke. Mama anauliza watu watakula wapi. Baba ananyamaza, maana ndiye aliyeleta mzigo.

Kona moja inayotumika sana katika reli za Hornby za OO ina nusu kipenyo cha milimita 438. Duara lake, kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, ni milimita 876, na bado hujaacha nafasi pembeni. Kwa hivyo ubao wa kuzungusha garimoshi hauwezi kupungua sana chini ya mita moja kwa upana.

Mkitaka lizunguke, kateni ubao kwa kukingama katikati, mpate vipande viwili vya mita 1.2 kwa 1.2. Kila kimoja kitapanda ngazi. Jumamosi mnaviunga kwa bolti juu ya meza, Jumapili jioni mnavisimamisha nyuma ya kabati, na Jumatatu watoto wana mahali pa kusomea.

Lakini niwaulize: ni garimoshi gani mliloliona likizunguka? Litokalo Nairobi huenda Mombasa, likarudi. Ubao huo mkiukata kwa urefu, mtapata rafu mbili za sentimita 60, na kila mahali mkono unafika. Mnang'oa zile kona, mnanyoosha njia hadi mwisho, na mnaziweka rafu katika kuta mbili zinazokutana. Kona moja mliyoing'oa inarudi kazini pale pembeni mwa chumba.

Watoto hawatachoka upesi, kwani sasa kuna kazi: kupanga mabehewa, kuachia moja stesheni, kungoja treni nyingine ipite. Kuzunguka tu huchosha baada ya robo saa. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kabla hamjatoboa ukuta wake, au rafu zisimame kwa miguu yake zenyewe.

Tahadhari moja. Ikiwa reli ina mlima wa kuvuka daraja, usiufupishe. Njia ya juu katika OO huhitaji kuinuka kama sentimita 7, na mteremko wa kufaa haupiti sentimita 3 kwa kila mita. Hapo unahitaji zaidi ya mita mbili za kupanda tu. Kama hazipo, njia ya juu na iende.

Namna ya kukata

Kabla ya msumeno, jamaa yote ikae chini ichague kitu kimoja cha kuhifadhi. Pengine ni stesheni, pengine ni daraja. Hicho kisiguswe. Mstari wa kukata upite mbali nacho, na usipite juu ya handaki wala juu ya pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili.

Mstari mzuri ni ule unaokata vyuma kwa pembe mraba, si kwa mshazari. Kila upande wa mstari ondoa mataruma mawili matatu. Chini ya kila chuma ingiza skurubu ya shaba nyeupe ndani ya ubao hadi kichwa chake kiguse chuma, kisha lehemu. Sasa chuma kimeshikwa, hakitahama baada ya kukatwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lala chini ya ubao utazame nyaya. Kila waya unaovuka mstari upe namba pande zote mbili, 1 kwa 1, 2 kwa 2, ndipo uukate. Baadaye utaziunga kwa viungio vya skurubu ambavyo duka lolote la vifaa vya umeme huko Luthuli Avenue huuza.

Kwa mbao, mwite seremala wa jua kali. Mwambie afunge pamoja vipande viwili vya mbao vitakavyokuwa miisho ya nusu mbili, avitoboe pamoja kwa keekee, ndipo avitenganishe. Matundu yaliyotobolewa pamoja hukutana daima. Yaliyotobolewa mbali mbali hupishana, na garimoshi huruka hapo kila siku.

Vyuma vikatwe kwanza kwa msumeno mwembamba wa chuma, kisha ubao. Vaa kitambaa puani, kwani lipu ya vilima hutoa vumbi jingi. Rangi na lehemu za zamani huenda zina risasi, ile inayodhuru ubongo wa watoto. Usipige msasa rangi ya zamani, watoto wadogo wakae mbali, na kila mtu anawe mikono kabla ya kula.

Ukishaunga, usikimbilie injini. Chukua behewa moja ulisukume kwa kidole juu ya kiungo, mbele na nyuma. Likigonga, rekebisha. Halafu injini ipite polepole. Mwenda pole hajikwai.

Umeme si mchezo

Umeme unaofika kwenye vyuma vya reli ni mdogo. Ule unaoingia kwenye transfoma ndio wa kuogopwa, maana ni volti 240 za ukutani. Transfoma iliyotoka Marekani imeundwa kwa volti 120, na ukiichomeka hapa itaungua. Ile ya Uingereza hupatana na umeme wetu, lakini kama waya wake umepasuka au mpira umekuwa mgumu kama kuni, usiufunge kwa utepe. Nunua transfoma mpya.

Usikate wala kulehemu huku plagi imechomekwa. Mchezo ukiisha, ichomoe.

Vyuma vikichafuka garimoshi husita. Vipanguse kwa kitambaa safi chenye spiriti, kisha viache vikauke kabla ya kuwasha umeme. Usitumie sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, kwani nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota na kuiharibu. Usiku ifunike reli kwa shuka kuukuu dhidi ya vumbi na mende.

Kazi ya mkono wa mtu

Limebaki jambo ambalo halipimwi kwa rula. Reli hiyo ilijengwa na mtu. Huenda ni mzee aliyekaa miaka kumi akipanda miti mmoja mmoja kwa kibanio. Je, ni haki kuitia msumeno?

Nasema ni haki, ila usimfiche. Mwambie kabla ya kulipa kwamba nyumba yako ni ndogo na utaikata. Ukimweleza ni kwa ajili ya watoto, huenda akakuonyesha mwenyewe mahali pasipo na waya. Akikataa kuuza, heshimu neno lake. Kipande usichoweza kukiweka, muulize kama angependa kubaki nacho. Stesheni ndogo juu ya meza yake itamkumbusha zaidi kuliko ubao mzima aliomwachia mtu baki.

Nanyi wazazi, kubalianeni mapema reli ni ya nani. Ikiwa ni ya baba peke yake, watoto wakikatazwa kugusa, itakuwa kama pambo la ukutani. Mpeni kila mmoja kazi: mkubwa nyaya, wa kati njia, mdogo miti na watu wa stesheni. Kazi igawanywe kwa majuma, maana bandu bandu huisha gogo.

Na kabla ya kuanza, wapelekeni siku moja kwenye Makavazi ya Reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Wasimame kando ya injini ya kweli, wapime kimo chake kwa macho, kisha warudi nyumbani wagawanye kwa 87. Hesabu hiyo hawataisahau.

Usione aibu, basi, kuileta nyumbani nusu reli. Nusu inayotembea kila Jumamosi sebuleni ni bora kuliko nzima iliyosimamishwa nyuma ya mlango ikingoja nyumba kubwa ambayo huenda isije.

Jumapili njema.