Uzee wa Wafanyakazi wa Baharini ni Kisingizio

Kila yanapojadiliwa mafuta na gesi ya Bahari ya Kaskazini, Uingereza, husikika wimbo ule ule: walioko kwenye mitambo ni wazee, karibu wataondoka kwa mkupuo, na vijana hawataki kazi ya jasho na upweke. Ushahidi unaikana imani hii. Ripoti za Oil & Gas UK, chama cha kampuni za sekta hiyo, katika muongo wa 2010 zilionyesha wastani wa umri wa wanaofanya kazi baharini ukizunguka miaka arobaini na kidogo. Lau wangekuwa watu wale wale tu, wastani ungepanda mwaka mmoja kila mwaka. Haukupanda hivyo, maana wapya walikuwa wakiingia.

Atajibu mtu kwamba wastani huficha mengi: pengine wapo wengi wa miaka 55 na wengi wa 28, na katikati pengo. Ni kweli, lakini pengo hilo lina tarehe. Mwaka 1986 bei ya pipa iliporomoka kutoka zaidi ya dola 25 hadi karibu 10, na ajira zikakauka. Kijana wa miaka 20 aliyefungiwa mlango wakati ule hawezi kuonekana mwaka 2010 akiwa fundi mzoefu wa miaka 44. Kosa likarudiwa: kati ya Juni 2014 na Januari 2016 bei ilitoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya 30, na maelfu wakapoteza kazi. Umri wa wafanyakazi ni kumbukumbu ya maamuzi ya waajiri.

Wengine watasema vijana wanayakimbia mafuta kwa sababu ya tabianchi. Wapo, lakini hata anayetaka kuhamia mitambo ya upepo katika bahari hiyo hiyo amekuwa akikutana na vyeti vya usalama vya mfumo mwingine, na mara nyingi kuvilipia mwenyewe. Hapo kikwazo ni gharama, na tabia ya vijana haihusiki. Wala si uvivu kuikwepa kazi inayomtupa mtu kila bei ikishuka.

Kisingizio cha uzee kinapendwa kwa kuwa hakimlaumu yeyote: kalenda haina bodi ya wakurugenzi. Kampuni inayohofia kukosa mafundi na iendelee kufundisha wanagenzi bei ikiwa chini, kwa mikataba isiyofutwa na soko. Isipofanya hivyo, isiwalaumu vijana ambao haikuwaajiri.