TULINDE MAGOTI YA WAFANYAKAZI

Nchi inayojengwa kwa nguvu za wakulima na wafanyakazi haina budi kuzilinda nguvu hizo. Leo twapenda kuwakumbusha wananchi juu ya ugonjwa wa kusagika viungo, ambao huwaondoa watu kazini polepole, bila kelele, na ambao wengi wetu tumezoea kuuita baridi, au uzee tu.

Si ugonjwa wa wachache. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 595 ulimwenguni walikuwa nao, na goti ndicho kiungo kinachoshambuliwa zaidi. Gegedu, lile tandiko laini baina ya mfupa na mfupa, huchakaa. Kiungo hukakamaa na kuuma.

Ni kweli kwamba umri huuleta, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Lakini umri peke yake si sababu yote. Unene, jeraha la zamani la goti, na miaka mingi ya kuchuchumaa, kupiga magoti na kuinua mizigo mizito, yote haya huzidisha hatari.

Tuchukue mfano wa Kilakala, mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Akina mama huteremka miteremko mikali na ndizi na mboga kichwani kwenda sokoni; huko wachukuzi hubeba magunia mgongoni. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi sana. Gunia halali la mazao nchini mwetu hufika kilo 100, na lumbesa hupita hapo! Tumekuwa tukiilaani lumbesa kwa sababu humpunja mkulima. Ni haki. Lakini mchukuzi naye hupunjwa, tena hulipa kwa mwili wake.

Kwa hiyo twasema: matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi vidai magunia madogo na mikokoteni ya kutosha masokoni. Halmashauri nazo zitengeneze njia za milimani ili magari yaufikie mzigo. Mwananchi naye apunguze unene, aendelee kutembea, wala asilifiche goti linalouma; aende zahanati mapema.

Hatumkatazi mtu kazi. Mzigo uliogawanywa mara mbili hufika sokoni vilevile, bali gegedu lililokwisha halirudi.