Kabla ya kumuita mtu mgeni, nani alimpa karte?

Tarehe 12 Mei 2025, wanaume 181 walionyeshwa kwa waandishi wa habari katika Stade de l'Unité, hapa Goma. Msemaji wa kijeshi wa M23 akasema hao ni raia wa Rwanda wanaoishi Kongo bila haki, na kwamba karte za Kikongo walizokuwa nazo ni za uongo. Karte zikachomwa moto. Siku tano kisha, Jumamosi, watu 360, wengi wao wanawake na watoto, wakavushwa mpaka kuelekea Rwanda. Mwezi uliofuata, shirika Human Rights Watch likaandika kwamba waliopelekwa kwa nguvu walizidi 1 500. Wengi walikuwa wakimbizi wa Rwanda, lakini kati yao kulikuwa pia Wakongomani. Upande wa M23 ulisema ni watu wanaorudi kwao.

Wengi wa watu hao walitokea Karenga na walikuwa wamesimama Sake. Barabara ya kutoka Sake ndiyo inayopasua kata ya Ndosho, kwa hiyo habari hii haikuwa ya mbali. Hapa, katika mtaa wa Karisimbi, nyumba kumi hazikosi familia iliyotoka Masisi, Rutshuru ao Walikale, wengine tangu vita ya 1993, wengine juzi tu. Kuna wanaoongea Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Kitembo, Kihavu, na wote wanakutana kwa Kiswahili. Ukiuliza Ndosho nani ni mgeni, shurti kwanza useme mgeni wa wapi: wa kata, wa muji, wa jimbo, ao wa inchi. Kisha linakuja swali la pili, lile wanasiasa wanalikimbia: ni serikali gani iliwahi kumpa mwenyeji karatasi ya kumtofautisha na mgeni?

Tangu siku za Mobutu, raia wa Kongo hana karte ya kitambulisho ya taifa. Anatembea na karte ya uchaguzi, ile iliyoanza kutolewa mwaka 2005 na ikarudiwa 2011, 2017 na 2023. Sheria inasema inashika nafasi ya kitambulisho kwa muda. Muda huo umefika miaka ishirini. Na namna ya kuipata? Asiye na karatasi yoyote anaweza kuja na mashahidi. Ni njia nzuri kwa mama wa kijijini ambaye nyumba yake ilichomwa na kila kitu ndani. Ni mlango wazi pia kwa mtu yeyote mwenye feza ya kuwanunulia mashahidi bia. Kila mtu Goma anajua hivyo. Kwa hiyo anayesema kuna wageni wenye karte ya uchaguzi, hasemi uongo. Lakini anayesema anaweza kuwatambua kwa kuwaangalia sura ao kusikia lugha yao, huyo anadanganya.

Tena, mwanzoni mwa 2023, CENI ilipoandikisha watu Kivu ya Kaskazini, sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru ilibaki inje juu ya vita, na Desemba mwaka ule wakaaji wa huko hawakuchagua. Kijana wa Kitshanga aliyetimiza miaka 18 wakati ule mara mingi hana kitu mfukoni. Akifika Goma anatafuta ile karatasi ya «perte de pièces», yaani cheti kinachosema amepoteza kitambulisho ambacho hajawahi kuwa nacho. Ndiyo inchi yenyewe.

Kinshasa ilijaribu. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Tshisekedi alipokea karte ya taifa ya kwanza, kamera zote zikiwa pale. Mwaka uliofuata mkataba wa kuzichapisha ukavunjwa, kisha kelele mingi juu ya bei yake iliyopita dola bilioni moja. Kwa mkaaji wa Ndosho, karte ile ilibaki picha ya televisheni.

Wanaosema kwamba kila anayeongea Kinyarwanda aliingia Kongo kwa siri, wanasahau mambo. Wako waliokutwa Rutshuru, katika Bwisha, na mipaka ya wazungu: mpaka ndio uliwafuata wao. Wako walioletwa na serikali ya Wabelgiji yenyewe, kati ya 1937 na 1955, kulima na kufanya kazi katika mashamba ya Masisi. Hao waliingia kwa barua rasmi, na ardhi waliyopewa ilikuwa na wenyewe, machifu wa Kihunde, ambao malalamiko yao hayajaisha mpaka leo na hayastahili kuchekwa. Wako waliokimbia Rwanda tangu 1959. Na wako wale wa Julai 1994, karibu watu milioni moja katika siku chache, walioweka kambi Mugunga, hapo hapo jirani na Ndosho, na wengi wakafa kwa kipindupindu. Kila kundi lina tarehe yake na sababu yake. Siasa imeyachanganya katika sufuria moja.

Na kila mara siasa ilipoguswa, sheria iligeuzwa. Januari 1972, wakati mkuu wa ofisi ya Mobutu alikuwa Barthélemy Bisengimana, mtu mwenye asili ya Rwanda, ilitoka sheria iliyowapa uraia wote waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Bisengimana akaondoka 1977. Juni 1981, sheria mpya ikafuta ile, ikadai mtu aonyeshe kwamba mababu zake walikuwa ndani ya Kongo mwaka 1885. Nani hapa Goma, awe Mhunde, Mnande ao Mhutu, ana karatasi ya babu yake ya 1885? Mtu alilala akiwa Mzaïrois, akaamka hana inchi, na hakuna hata askari mmoja aliyekuja kumwambia. Mwaka 1987 uchaguzi wa kimkoa ukashindikana Kivu juu ya swali hilo hilo. Machi 1993 watu wakauawa kwenye soko la Ntoto, Walikale, na Masisi yote ikashika moto. Tarehe 28 Aprili 1995, Bunge la mpito kule Kinshasa likapiga kura ya kuwarudisha Wanyarwanda na Warundi kwao, bila kutenganisha aliyefika mwaka uliopita na yule ambaye babu yake amezikwa hapa. Mwaka na nusu kisha, vita ya AFDL ikaanza, na wa kwanza kushika silaha walikuwa vijana ambao kura ile iliwaita wakimbizi. Rwanda ilikuwa na sababu zake za kuingia, na zilikuwa kubwa, lakini Bunge ndilo liliwapa watu wa kutumia.

Sheria inayotumika sasa ni ile ya 12 Novemba 2004. Inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilikuwa ndani ya inchi wakati wa uhuru. Ni sheria ya maana. Shida ni kwamba wanasiasa hawakuacha kuichezea kandokando. Mwaka 2007, ilipojulikana kwamba wabunge kadhaa wana paspoti za kigeni, wakati Katiba inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, Bunge likajipatia muda wa kusubiri. Hakuna aliyevushwa mpaka. Mwaka 2021, kukaletwa pendekezo linalotokana na mawazo ya Noël Tshiani: uraisi uwe wa mtu mwenye baba na mama Wakongomani tu. Wote walielewa kwamba jiwe linarushwa kwa Moïse Katumbi, ambaye baba yake alitoka Ulaya, lakini jiwe la namna ile likirushwa Kinshasa linaangukia Kivu. Na mwisho wa 2025 msemaji wa jeshi akasimamishwa kazi kwa maneno aliyosema kwenye televisheni ya taifa kuhusu wanawake wa Kitutsi. Kumsimamisha ilikuwa lazima. Ila maneno kama yale hayakuzaliwa siku ile.

Kwa hiyo Kinshasa haina mikono safi. Lakini waliochoma karte Goma nao wana swali la kujibu, na pengine ni gumu zaidi. M23 tangu 2012 inasema inapigania Wakongomani wanaoitwa wageni ndani ya inchi yao, na wakimbizi walioko Rwanda na Uganda warudi nyumbani. Mtu ambaye amelia miaka yote hiyo kwamba karte yake haiheshimiwi, anawezaje kuchoma ya mwenzake mbele ya kamera, bila hakimu, bila mtu kupewa siku hata moja ya kuleta mashahidi? Ikiwa walikuwa watu wa FDLR, kuna namna ya kushitaki. Ikiwa walikuwa wakimbizi, kuna HCR na sheria ya kurudi kwa hiari. Watoto waliopandishwa gari siku ile hawakuwa na kosa la karte, maana mtoto hachagui.

Wanaoshangilia wageni wakifukuzwa, wakumbuke pia zamu ya Wakongomani. Mwaka 2014, polisi wa Brazzaville walianzisha msako walioupa jina «Mbata ya Mokolo», na zaidi ya Wakongomani 130 000 wakavuka mto kurudi Kinshasa, wengine walikuwa na vibali. Oktoba 2018, Angola ikawasukuma mamia ya maelfu kupitia Kamako, huko Kasaï. Kinshasa ikalalamika kwamba watu wake wametendewa vibaya, na ilikuwa na haki. Haki ile ile inapotajwa kwa mtu wa Masisi, inaitwa usaliti.

Sasa mambo yanarudi mezani. Mapatano ya Washington ya 27 Juni 2025 yanataja kurudi kwa wakimbizi, na Julai ile ile Kongo, Rwanda na HCR walikutana Addis Ababa. Kuna wakimbizi wa Kikongo karibu 80 000 Rwanda, na wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 200 000 wanahesabiwa Kongo. Hapa Ndosho wengi wanaogopa kwamba pamoja na wanaorudi kweli watakuja wasiowahi kuishi huku, wakae katika mashamba ya waliohamishwa. Hofu hiyo si chuki. Ina dawa moja: mtu anayerudi atambuliwe kijijini kwake, mbele ya majirani na chifu, kwa orodha inayosomwa kwa sauti, na yule aliyehamishwa awepo siku hiyo. Ikifanyika usiku, ao bila wenye mashamba, haitakubalika na mtu yeyote, hata kama wote waliorudi ni Wakongomani safi.

Na kuna kizazi kipya ambacho kesho kitaitwa wageni. Sheria inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto bila kulipa. Zikipita, inatakiwa hukumu ya mahakama, na tangu Januari 2025 mahakama za serikali hazifanyi kazi Goma. Kinshasa nayo haitambui uongozi wa AFC/M23, kwa hiyo cheti chenye muhuri wa hapa kinaweza kukataliwa kule. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo anaanza maisha na deni ambalo hakulikopa. Wajumbe wa Doha wameandika kurasa mingi, na jambo hili lingemalizwa kwa ukurasa mmoja: pande zote mbili zikubali vyeti vya kuzaliwa, bila kujali nani aligonga muhuri.

Wakati hilo halijafanyika, wazazi wachunge ile karatasi ya maternité yenye jina la mama, tarehe na sahihi ya muuguzi. Waitie ndani ya plastiki, na kopi moja ibaki kwa ndugu anayeishi kata nyingine.