Waraka kwa Wenzangu: Tumuulize na Anayeuguza

Kwa wanachama wote wa kikundi chetu cha kuwatembelea wagonjwa wa akili na familia zao.



Nimeandika waraka huu baada ya kupitia madaftari yetu ya ziara za mwaka mzima. Mmeandika vizuri: mgonjwa amekula, mgonjwa amemeza dawa, mgonjwa kapelekwa kliniki, kifafa hakijamwangusha tangu mwezi uliopita. Ni kazi ya kujivunia, maana wengi wetu tunaifanya kwa nauli ya mfukoni. Lakini katika kurasa zote hizo, mama anayempikia mgonjwa huyo, au dada aliyefunga cherehani yake ili akae amchunge, hana hata mstari mmoja. Madaftari yangu mimi ni hivyo hivyo.

Niwaeleze lililonipata. Kuna nyumba nimeitembelea miezi minane. Kijana wa pale ana skizofrenia, anachomwa sindano kila mwezi na ana vidonge vya nyumbani. Kila nikifika, mama yake hunitandikia mkeka uliokuwa umekunjwa kando ya mlango. Ninakaa, nahesabu vidonge, nauliza kama amelala, kama bado anasikia sauti, naandika, naaga. Siku moja jirani akanisindikiza mpaka njia panda, akaniambia kuwa mama yule hajalala kitandani kwa miaka miwili. Hulala kwenye mkeka huo huo, ameuziba mlango kwa mwili wake, ili mwanawe akitaka kutoka usiku amruke na yeye aamke. Miezi minane nimeukalia mkeka ule, na sikuwahi kumuuliza mama analala wapi.

Muuguzaji si muuguzi. Muuguzi ana zamu, ana sare, jioni anakwenda kwake. Muuguzaji ni mama, mke, kaka au bibi ambaye zamu yake haiishi, na akianguka yeye, sindano na vidonge vyote tunavyohangaikia havina wa kuvisimamia. Ninachowaomba ni kwamba tukiingia katika nyumba, tuhesabu kuwa tuna watu wawili wa kuwaangalia.

Msidhani fikra hii imetoka mbali. Mwaka 1954, Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alikuwa na hospitali ya akili huko Aro, karibu na Abeokuta, ambayo majengo yake yalikuwa hayajakamilika. Aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kukaa naye. Mchana wanakwenda hospitali kutibiwa, jioni wanarudi kijijini. Ndugu alikuwa sehemu ya tiba tangu siku ya kwanza. Hapa kwetu, tangu hospitali ya akili ya Mirembe ilipofunguliwa Dodoma mwaka 1927, tumezoea kusema "mpelekeni Mirembe," kana kwamba safari ile ndiyo mwisho wa habari. Hospitali ile imeokoa wengi, wala simdharau mtu anayefanya kazi pale. Ila mgonjwa hurudi, na anaporudi hupokewa na mtu mmoja, naye mara nyingi hakuelezwa lolote.

Kwa hiyo tuwaeleze. Kosa linalorudisha wagonjwa wengi ni dawa kuachwa pale mgonjwa anapopata nafuu. Familia inaona ametulia, anachota maji, anasalimia watu. Inasema amepona, dawa ya nini tena? Baada ya miezi michache ugonjwa unarudi, na safari hii jirani anaambiwa ni jini. Wengine wanaacha kwa sababu wameona mate yanamtoka, shingo imekakamaa, mikono inatetemeka, wakaamini dawa inamuua. Hayo ni madhara ya dawa yanayojulikana, na kliniki inaweza kupunguza kipimo au kuongeza kidonge cha kuyatuliza. Mama akijua hilo mapema hatatupa dawa chooni; atatupigia simu. Kwa wenye kifafa vilevile: Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 yao wanaweza kuishi bila degedege wakitibiwa ipasavyo. Familia inayojua tarakimu hiyo itauza hata kuku kwa ajili ya nauli ya kliniki. Isiyoijua itaendelea kumficha mtoto jikoni.

Nije kwenye kamba. Baadhi yenu mmekuta mgonjwa amefungwa, mkagomba. Najua uchungu wa kuona kifundo cha mguu kimechubuka, na wala sisemi tunyamaze: kumfunga mtu ni kumuumiza na kumvunjia utu wake, na lazima kuishe. Lakini wengi wanaofunga mgonjwa ni watu wenye shamba la kupalilia na hawana wa kumwachia. Ukimgombeza, ziara ijayo utakuta mlango umefungwa, na kamba bado iko ndani. Muulize kwanza, "Unamfungua saa ngapi? Nani anakusaidia akitoka?" Hapo utajua kama pengo ni dawa, au ni mtu wa kukaa naye saa tatu za asubuhi. Saa hizo tatu kikundi chetu kinaweza kuzitafuta. Tumewahi kuzipata, kwa shangazi, kwa jirani, mara moja kwa mzee wa msikiti aliyekuja na tasbihi yake akaketi barazani na kijana mpaka adhuhuri.

Na mganga tusimtukane. Familia imekwenda kwake kabla yetu na huenda itakwenda baada yetu. La msingi ni dawa isikatishwe na mgonjwa asipigwe wala kuachishwa chakula. Hapo tu ndipo pa kusimama imara.

Sasa jambo zito kuliko yote. Muuguzaji naye huugua. Watu wetu husema "ana mawazo," na Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, lenye maana hiyo hiyo ya kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda wa Harare alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua kwa sababu familia ilikosa dola 15 za basi la kumfikisha hospitalini. Baada ya msiba huo, mwaka 2006, aliwafundisha bibi 14 wa Mbare kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Bibi wale hawakuwa wasomi. Walijua kuuliza na kungoja jibu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosikilizwa kwa njia hiyo walipungukiwa sana na dalili za sonona. Sisi nasi tunaweza.

Tuulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hana, humpa nafasi ya kulitua. Wengi huficha kwa kuogopa polisi, maana Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Kwa majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Sheria ya kwetu itabadilishwa na wenye mamlaka hayo. Sisi tusiwe watu wa kuogopwa. Mtu akikujibu "ndiyo," usimwache peke yake, ondoa sumu ya shambani karibu naye, na mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo. Nauli itatoka kwenye mfuko wetu, hata usiku.

Siri pia ilindwe. Naona majina ya wagonjwa yanaandikwa kwenye kundi letu la simu. Acheni leo. Mdogo wake mgonjwa ana mchumba, na posa zimevunjika kwa maneno madogo kuliko hayo.

Mama wa mkeka sasa analala kitandani Jumatano na Ijumaa. Wifi yake amekubali kuja siku hizo mbili, baada ya kukaa naye mara tatu na kumweleza ugonjwa ulivyo. Siku tano bado analala mlangoni.

Kikao chetu ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, mahali pa kawaida. Njoo na daftari lako likiwa na mstari mpya katika kila nyumba: jina la anayeuguza, analala wapi, na nani anampokea zamu. Kama mstari huo huwezi kuujaza, nenda kwenye nyumba hiyo kabla ya kikao, ukamuulize.