Dawa za presha nazo zitazamwe

Kikohozi kisipoisha, kuna jambo linalopitwa haraka mno: dawa ambazo mgonjwa anazitumia tayari. Shangazi yangu alikohoa miezi na miezi, kikohozi kikavu cha kuwasha koo, kinachomzidi usiku. Akapewa antibiotiki, akarudi, akapewa nyingine. Makohozi kidogo aliyoweza kutoa yakapimwa kwa GeneXpert, mashine inayotoa jibu la kifua kikuu ndani ya saa 2 hivi: hakuna kitu. Eksirei ya kifua nayo safi. Vipimo hivyo sivilaumu hata kidogo. Hapa Tanzania mtu aliyekohoa wiki 2 au zaidi ni lazima achunguzwe TB. Kinachoniuma ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyemuuliza lolote.

Mpaka daktari mmoja kijana alipomwomba amwage mezani dawa zote zilizomo kwenye mkoba. Akaokota pakiti ya enalapril, dawa yake ya presha, akauliza: "Hii umeanza lini, mama?" Dawa za kundi la enalapril, zikiwemo captopril na lisinopril, huwaletea baadhi ya watu kikohozi, na chaweza kuanza hata miezi kadhaa baada ya kuanza kuzimeza. Nani angeunganisha? Alibadilishiwa losartan, na baada ya wiki chache kifua kikatulia.

Ndugu zangu, msije mkaacha dawa ya presha kwa uamuzi wenu, kiharusi hakipigi hodi. Nendeni kliniki na pakiti zenyewe, mumwonyeshe daktari.